Kisangani isikose watu wanaojua majina ya msitu

Mwezi wa Juni 2007, watafiti waliokuwa wakipita Opala, katika jimbo la Tshopo, walimwona tumbili mchanga anayefugwa nyumbani kwa watu. Uso wake ulikuwa mrefu na mtupu, na macho yake makubwa yalifanana na ya binadamu. Wenyeji hawakushangaa. Walimjua kwa jina la lesula, waliijua sauti yake ya alfajiri, na wawindaji walimleta sokoni pamoja na nyama nyingine ya pori. Walioshangaa ni wataalamu, kwa maana katika vitabu vyao tumbili huyo hakuwemo. Ilichukua miaka mitano, hadi Septemba 2012, kabla ya dunia kutangaziwa spishi mpya yenye jina la kisayansi Cercopithecus lomamiensis, yaani tumbili wa Lomami.

Miaka mitano hiyo haikupotea bure. Ngozi na mafuvu yalilinganishwa na ya tumbili wanaofanana naye, yaliyotunzwa katika makumbusho kwa miaka mingi. Sauti zilirekodiwa, vipimo vya DNA vikafanyika, na mipaka ya eneo analoishi ikachorwa. Kazi ya namna hiyo, ya kulinganisha viumbe, kuwapambanua, kuwapa jina na kuweka ushahidi mahali ambapo mtu mwingine anaweza kurudi kuukagua, ndiyo inayoitwa sistematiki. Bila kazi hiyo, lesula angeendelea kuhesabiwa kama tumbili mwingine yeyote. Mwaka 2016 serikali iliunda rasmi Mbuga ya Taifa ya Lomami, na lesula ni mmoja wa wanyama wanaolindwa humo.

Kutokana na mfano huo linazuka swali ambalo viongozi wa Tshopo na wa Kinshasa wanapaswa kulijibu. Kesho akiletwa Kisangani mnyama, samaki au mmea mwingine usiojulikana, ni nani mjini ataweza kusema ni kitu gani? Na ushahidi wake utatunzwa wapi kwa miaka 100 ijayo? Mahali panapofaa ni Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Lakini jibu hilo litakuwa la kweli tu ikiwa serikali itakubali kulipia kazi hiyo kila mwaka, badala ya kuiacha itegemee miradi kutoka nje.

Chuo hicho hakianzi na mikono mitupu. Kilifunguliwa 1963 kwa juhudi za makanisa ya Kiprotestanti, kikaunganishwa na vyuo vingine vya nchi 1971, kisha kikajitegemea tena 1981. Kitivo chake cha Sayansi kimefundisha wataalamu wa mimea, panya, popo, ndege na samaki kwa miongo mingi. Wanafunzi wake wamezoea kufanyia kazi zao katika msitu wa Masako, ulio karibu na mji kwenye barabara ya zamani ya Buta, na katika msitu wa Yoko, kwenye barabara ya Ubundu.

Mwaka 2010, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, msafara wa mashua ulioitwa Boyekoli Ebale Congo, maana yake kwa Kilingala kujifunza mto Kongo, uliteremka mto kutoka Kisangani ukiwa na makumi ya wanasayansi Wakongomani na wageni. Walikusanya samaki, wadudu, mimea, uyoga na wanyama wadogo kandokando ya mto. Msafara huo ulizaa jambo la kudumu: Kituo cha Uchunguzi wa Bioanuwai, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CSB, kilijengwa ndani ya UNIKIS kwa msaada wa Ubelgiji. Kwa mara ya kwanza viumbe vilivyokusanywa katika msitu wa Kongo vilipata nyumba iliyojengwa kwa ajili yao huko huko Kisangani, bila kulazimika kusafiri kwanza hadi Ulaya.

Mto ukiteremkwa kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani kuna hazina nyingine, Yangambi. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa huko 1933 chini ya INEAC, ambacho leo kiko chini ya INERA, kina mimea mikavu takribani 150,000, iliyobandikwa kwenye karatasi na kuandikwa jina, mahali na tarehe ilipochumwa. Ni mkusanyo mkubwa kuliko yote ya namna hiyo katika Afrika ya Kati. Tangu 2020 mnara wenye urefu wa mita 55 hupima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Mnara unaweza kupima pumzi ya msitu, lakini hauwezi kusema ni mti gani unaopumua. Kwa hilo lazima awepo mtu anayeijua miti.

Pesa ziko ndani ya majina

Wengi hudhani kazi ya kutaja majina ya viumbe ni anasa ya nchi tajiri. Historia ya Tshopo yenyewe inaonyesha kinyume chake. Ni Yangambi ambako watafiti, katika kazi iliyotolewa 1941, walionyesha jinsi unene wa ganda la kokwa ya mchikichi unavyorithiwa. Waligundua kwamba mchikichi wa ganda nene ukipandishwa na ule usio na ganda, mzao wake, unaoitwa tenera, huwa na ganda jembamba na mafuta mengi. Leo mashamba makubwa ya michikichi huko Indonesia na Malaysia yamepandwa tenera. Elimu iliyotoka ukingoni mwa mto Kongo inatajirisha Asia, wakati mama wa Kisangani mara nyingine ananunua mafuta ya kukaangia yaliyotoka ng'ambo.

Kahawa ya robusta ina habari inayofanana na hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mbegu zake zilitoka Kongo zikapita Bruxelles na kupandwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeangamiza mikahawa ya aina nyingine. Ndugu wa mwituni wa kahawa hiyo bado wanaota katika misitu ya Tshopo, na ndani yao huenda mna kinga dhidi ya magonjwa na ukame ambayo wakulima wa kesho wataihitaji. Mtu asiyeweza kuutofautisha mkahawa wa mwituni na kichaka kingine ataukata ili apate nafasi ya kulima mihogo, wala hatajua amekata nini.

Angalia pia mbao. Afrormosia, mti wa bei kubwa unaopatikana kwa wingi Tshopo, uko tangu 1992 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Haiwezi kuuzwa nje bila kibali, na kibali kinadai ushahidi kwamba uvunaji hauumalizi mti huo msituni. Lakini ubao hauna jani wala ua. Ofisa aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara mbele ya lori linaloelekea mashariki hawezi kujua kama amebebewa afrormosia au mti mwingine, isipokuwa yupo mtaalamu anayeweza kusoma nyuzi za mbao na kuna vipande vya mbao vya kulinganishia. Mahali ambapo hakuna mtaalamu, karatasi ya mfanyabiashara ndiyo inayoaminiwa, na jimbo linapoteza mti pamoja na kodi.

Sapelli nao hukatwa kwa ajili ya mbao, lakini watu wa vijijini wanaujua kwa sababu nyingine: ni mti wa mbinzo. Kuna kiwavi kinacholiwa ambacho hutegemea majani ya sapelli, na msimu wake ukifika, familia nyingi hupata chakula na pesa za minervali za watoto. Anayetaka kugawa msitu kwa haki kati ya kampuni ya mbao na kijiji lazima kwanza ajue ni kiwavi gani kinaishi juu ya mti gani. Hiyo ni sistematiki, hata kama mama anayeuza mbinzo sokoni hajawahi kulisikia neno hilo.

Na yapo magonjwa. Homa ya nyani, ambayo sasa inaitwa mpox, iligunduliwa kwa binadamu mara ya kwanza 1970 huko Basankusu, na Tshopo ni kati ya majimbo yaliyoizoea kwa miaka mingi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Virusi vyake vilipatikana 1985 katika kindi mmoja mgonjwa kaskazini mwa Zaïre, lakini mjadala kuhusu mnyama anayevitunza hasa msituni haujaisha. Kindi na panya wa msituni ni wa spishi nyingi, na nyingine zinafanana sana kwa macho. Daktari anayeambiwa tu kwamba mgonjwa alikula panya hajaambiwa jambo la kutosha. Maprofesa na mafundi wanaoweza kusema ni panya wa spishi gani, kwa kuangalia meno na fuvu lake, ni sehemu ya ulinzi wa afya ya umma, kama walivyo wauguzi.

Jina baya hufunga macho

Wapo watakaosema kwamba Tervuren na Meise, huko Ubelgiji, tayari zimetunza viumbe vya Kongo, basi kwa nini kuanzisha kazi ile ile Kisangani? Ni kweli kwamba jumba la Tervuren lina wanyama na wadudu karibu milioni 10, sehemu kubwa wakiwa wametoka Kongo, na bustani ya Meise imepiga picha vielelezo zaidi ya milioni moja na kuziweka wazi kwenye intaneti. Huo ni msaada mkubwa. Lakini kutunza ni jambo moja, na kujua kilichotunzwa ni jambo lingine.

Kisa cha tausi wa Kongo kinafundisha hilo. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alipata huko Ituri unyoya katika kofia ya mwenyeji, na hakuweza kuutambua. Aliuhifadhi. Miaka 23 baadaye, 1936, alikuta Tervuren ndege wawili waliokaushwa na kuwekwa juu ya kabati. Karatasi yao ilisema kuwa ni tausi wachanga wa India. Unyoya wake ulilingana na wa ndege hao. Ndipo tausi wa Kongo, Afropavo congensis, alipopata jina. Miaka yote hiyo ndege alikuwepo ndani ya jumba kubwa la sayansi, na jina baya lilikuwa limewafunga watu macho. Huko Kongo, wakati huo, wawindaji walikuwa wakiyavaa manyoya yake.

Kwa hiyo mkusanyo unahitaji wataalamu walio karibu na msitu, wanaosema lugha za wenyeji na wanaoweza kurudi msituni wiki inayofuata wakiwa na shaka. Mvuvi Wagenia anajua ngolo gani anapatikana kwenye mawe ya maporomoko na yupi anapatikana kwenye vinamasi. Bonde la mto Kongo lina zaidi ya spishi 1000 za samaki zilizoandikwa, na jina moja la sokoni mara nyingi linafunika spishi kadhaa. Mwanafunzi wa Kisangani anaweza kukaa na mvuvi huyo asubuhi, akaandika jina lake la kienyeji, kisha jioni akampima samaki katika maabara. Mtaalamu aliyeko Ulaya hawezi kufanya hivyo kila siku.

Mradi una mwisho, mkusanyo hauna

Ugumu uko mahali pengine. Karibu kila hatua kubwa iliyopigwa Kisangani na Yangambi katika miaka ya karibuni ilipitia mradi: Ubelgiji, Umoja wa Ulaya, shirika la utafiti wa misitu CIFOR. Miradi hiyo imesomesha vijana wengi hadi shahada ya uzamili na udaktari, na inastahili shukrani. Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Samaki aliyewekwa katika chupa anahitaji alkoholi iongezwe kila inapopungua, mwaka baada ya mwaka. Mmea mkavu unahitaji kulindwa dhidi ya unyevu na wadudu wanaokula karatasi. Kompyuta yenye orodha inahitaji umeme, na Kisangani kila mtu anajua jinsi umeme wa Tshopo unavyokatika. Kazi hizo hazina sherehe wala utepe wa kukata, ndiyo maana ni rahisi kuzisahau katika bajeti.

Wakongomani wenyewe wameonyesha kwamba wanajua thamani ya hazina hiyo. Wakati wa vita, Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea aliyesoma Kisangani na baadaye kufundisha huko, alibaki Epulu, katika Hifadhi ya Okapi, wakati wengi walipokimbia. Alificha mimea mikavu, kompyuta na takwimu za utafiti wa miaka mingi ili askari wasivipore, naye mwenyewe akajificha msituni. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Heshima hiyo alistahili. Lakini taifa haliwezi kuweka kumbukumbu zake juu ya ujasiri wa mtu mmoja mmoja. Na usalama bado ni tatizo: tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipozuka 2023, njia za upande wa Lubunga zimekuwa ngumu kwa wakulima, na kwa watafiti pia.

Nchi jirani zinaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Mkusanyo wa mimea ulioanzishwa Amani, Tanzania ya leo, 1902, ulihamishiwa Nairobi 1950, na leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, taasisi ya umma inayotambuliwa na sheria. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilikamilika 2012 baada ya zaidi ya miaka 60, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Kitabu cha mimea ya Kongo, Rwanda na Burundi kilianza kutolewa 1948, katika kipindi hicho hicho. Mpaka leo hakijakamilika.

Hoja ya njaa

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote ni ya njaa. Maprofesa wamegoma mara nyingi kwa ajili ya mishahara, barabara zimeharibika, hospitali hazina dawa. Katika hali hiyo, kuomba pesa za chupa za samaki kunaweza kuonekana kama matusi. Lakini gharama inayozungumziwa si ya kujenga daraja. Ni mishahara ya watunzaji na mafundi wachache, alkoholi, karatasi, mafuta ya jenereta au paneli za jua, na nauli ya kwenda msituni. Ukilinganisha na kodi inayopotea kwenye shehena za mbao zilizoandikwa jina lisilo lake, ni kidogo.

Kuna pia suala la heshima ya nchi mezani. Kinshasa imejiita mbele ya dunia nchi ya suluhisho. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalipokubaliana kulinda asilimia 30 ya ardhi na bahari kufikia 2030, ujumbe wa Kongo ulipinga waziwazi kwamba fedha kwa nchi zenye misitu hazitoshi. Ulikuwa na haki. Lakini anayedai malipo kwa ajili ya mali yake anaulizwa hesabu ya mali hiyo. Kama hesabu ya msitu wa Kongo inatunzwa na wengine, bei nayo itapangwa na wengine.

Kinachotakiwa kinajulikana. Serikali kuu na ya jimbo ziutambue mkusanyo wa CSB na ule wa Yangambi kama kumbukumbu za taifa, sawa na kadastri au daftari la vizazi, na ziwekee kila mmoja mstari wake katika bajeti. UNIKIS nayo ifungue nafasi za kudumu za watunzaji, ili kijana aliyesomea panya au uyoga asilazimike kuuza muda wake kwa kazi nyingine mara mradi unapofungwa. Kila mwanafunzi wa biolojia anayemaliza masomo aache katika mkusanyo vielelezo vyake, vikiwa vimeandikwa vizuri, pamoja na majina yanayotumiwa na wenyeji wa mahali alipovipata. Mtafiti mgeni anayepewa kibali aache nakala ya kila anachochukua, na amfundishe Mkongomani mmoja kazi anayoifanya. Vizuizi vya mbao, huduma za afya na ofisi za mazingira za jimbo zipate namna rahisi ya kupeleka kitu kisichojulikana Kisangani na kupata jibu.

Tshopo ni jimbo kubwa kuliko yote nchini kwa eneo, na sehemu yake kubwa ni msitu. Wataalamu wa kizazi cha kwanza waliofundisha majina ya msitu huo wanazeeka, na wengine wamekwisha kufariki. Elimu yao haimo yote katika vitabu. Sehemu yake iko machoni na mikononi mwao, na hupitishwa kwa kukaa na mwanafunzi mbele ya jani au fuvu, mwaka hadi mwaka. Bajeti inayoahirishwa inaweza kupigiwa kura mwaka ujao. Mwalimu aliyeondoka bila kumwachia mtu elimu yake haletwi na bajeti yoyote.